Robo Yangu ya Wimbo

Wenzangu wa kibarazani, na hasa nyinyi mlioacha suruali zenu kwangu mkaambiwa fundi amesafiri: kila mmoja ameniuliza ilikuwaje, na kila nikianza kusimulia mteja anaingia na kanzu iliyochanika. Basi nimeketi nikaandika. Mnajua kuketi kwangu ni adhabu. Nikikaa kitini bila cherehani mbele yangu, miguu huwasha. Habari za vibali na mihuri nimeziruka, maana sijaona mtu aliyefurahishwa na mhuri.

Kwanza niwakumbushe kilichonitoa Nakuru. Mnanijua kwa kuguna. Nikishona naguna, nikipiga pasi naguna. Mmenicheka miaka yote, na binti yangu Salma alipokuwa mdogo aliniuliza kwa nini wimbo wangu hauna kichwa wala miguu. Ule si wimbo, ni robo ya wimbo.

Zamani, kabla ya vita, tulikuwa wanne, watoto wa askari wa West Nile, kule Uganda, tumelelewa kambini na tukapewa kazi kambini. Mimi nilishona sare. Kantini ilikuwa na santuri moja ya vijana weusi wa Marekani, wale waliokuwa wakisimama kwenye kona za mitaa na kuimba bila gita wala ngoma, mmoja mbele akitoa maneno na wengine wakimbeba kwa sauti tupu: duu, duwa, duwapu. Sisi tukauita muziki huo duwapu. Mama yangu alidhani tunasoma dua akafurahi sana. Tuliingia ndani ya tangi tupu la maji nyuma ya jiko la kambi, kwa sababu mle sauti ilirudi imenona, tukajifunza kwa sikio. Sebi alichukua sauti ya kwanza, mimi ya pili, Yakobo ya tatu, na Khamisi akaingia chini kabisa. Majina tuliyopewa na wazazi yakapotea. Tukawa Kwanza, Pili, Tatu na Besi. Ndiyo, najua Pili ni jina la kike kwenu. Nimeshaambiwa.

Santuri ile ilikuwa na mkwaruzo. Ikifika mahali fulani sindano iliruka ikarudi, duwa, duwa, duwa, mpaka mwenye kantini aiguse kwa kidole. Sisi tulijua ndivyo wimbo ulivyo, tukauimba na mruko wake, mara tatu, na Besi akipiga kidole hewani ndipo tunaendelea. Siku moja mpiga tarumbeta kutoka Kampala alitucheka akatuambia ule ni ubovu wa santuri. Besi akamjibu, "Basi Wamarekani ndio wamekosea."

Vita ilipofika 1979 na jeshi la wazazi wetu likashindwa, kila mtu alikimbia na roho yake. Kwanza alivuka kwenda Zaire, Tatu na Besi wakaingia Sudan, mimi nikaangukia huku. Kila mmoja aliondoka na sehemu yake kooni. Nimejaribu mara nyingi kuwaimbia wanangu sauti ya kwanza, ile yenye wimbo wenyewe, lakini nikifungua mdomo koo linarudi kwenye ya pili, kama punda anayejua njia ya nyumbani. Nikaanza kuogopa. Nikifa, nikawaza, watoto wangu watakumbuka baba aliyekuwa akiguna, na hakuna atakayeamini kwamba tuliwahi kuimba.

Halafu akaja mfanyabiashara wa Arua kupunguza kanzu. Alinisikia akasimama na pini mwilini. "Fundi," akasema, "Koboko iko mzee mmoja naunguruma kama hivyo, lakini chini, chini sana. Ukifika wewe uliza tu Besi. Kila mutu najua." Nikamwuliza yuko hai kweli? Akasema juzi tu mzee huyo alimsagia unga. Wiki ile ile nilifunga duka, nikabeba redio kaseti, betri na kanda tupu.

Nakuru hadi Karuma

Mpaka Kampala sina la kusema, isipokuwa kwamba basi liliharibika kabla ya Jinja na abiria wote wakalala kama waliolipwa walale. Mimi nililizunguka basi lile mpaka utingo akaniomba nikae, namtia kizunguzungu. Wahenga wana methali yao kuhusu haraka na baraka. Hawakuwa na miadi na watu wanaozeeka.

Karuma, kwenye daraja la Nile, ndiko kulikonichosha. Magari yalikusanywa yasubiri askari wa kuyasindikiza, maana njia ya mbele haikuwa na amani miaka ile, na askari wenyewe walikuwa wamekwenda kula. Maji ya Nile yalinguruma bondeni na nyani wamejipanga barabarani kama watoza ushuru. Kando yangu alisimama mama mmoja wa kijiji cha Aroi, mwenye mabati mapya juu ya basi. Kila utingo alipopanda huko juu, alimkemea asiyakanyage.

Mimi nikawa naguna, kama kawaida yangu. Yule mama akanitazama, akasogea, akanitazama tena.

"Mzee, pole. Naumwa wapi?"

"Siumwi, mama."

"Hapana ficha. Mimi nasikia wewe nalia ndani ya tumbo." Akafungua fundo la kanga, akatoa kipande cha tangawizi, akanisimamia nikitafune mpaka machozi yakanitoka.

Nikamweleza kwamba ule ni wimbo. Akaniambia niuimbe vizuri basi, ausikie. Nikaimba sehemu yangu yote, kwa sauti, na mruko wake. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akatikisa kichwa. "Hii hapana wimbo, mzee. Hii iko ya mutu anaumwa." Akanipa kipande cha pili.

Nilikasirika, nawaambia kweli. Lakini askari walipokuja na tukaondoka, yeye ndiye aliyeninunulia samaki wa kukaanga Pakwach baada ya kuvuka daraja, akanisimulia miaka yake ya Zaire na jinsi alivyorudi akakuta nyumba ni majani tu. "Mvua nacheka sisi," akasema. Mabati yalikuwa jibu lake kwa mvua. Alishuka njiapanda ya kwenda kwao akiwa bado ananiambia nipate daktari.

Oli

Arua niliingia mchana, nimepakwa vumbi jekundu mpaka kope. Sikutafuta pa kulala. Nilikwenda moja kwa moja mtaa wa Oli, kule chini kuelekea mtoni, kwa sababu yule mwenye kanzu alikuwa amesikia kwamba Sebi alirudi kutoka Zaire akajenga huko. Nikauliza vibandani, mwuza chumvi, mwuza mkaa. Sebi ni jina la nusu ya mji. Nilionyeshwa Sebi mnene, Sebi kinyozi na Sebi aliyekufa.

Nikiwa katikati ya uchochoro, adhana ya alasiri ikatoka kwenye msikiti mdogo wa bati. Miguu yangu, hii isiyotulia, ilisimama. Sauti ile ilipanda bila kujikaza, ikakaa juu pale inapokaa. Nilikuwa nimeisikia ndani ya tangi la maji kila jioni ya ujana wangu. Nikaingia nikaswali safu ya nyuma, na sikumbuki niliyoyasoma.

Alipotoka nje na kuniona, Kwanza hakusema jina langu. Alinishika masikio yote mawili, kama tulivyokuwa tukishikana tukitafuta sauti, akacheka. Ndevu zake zilikuwa nyeupe zote. Nyumbani kwake mkewe alituletea gurusa, ile mikate myembamba ya Kinubi, na kahawa ya tangawizi. Tangawizi tena. Nilikunywa.

Niliitoa redio kaseti kabla hata ya kumaliza mkate. Nikamwambia mpango wangu: yeye, mimi, Besi wa Koboko na Tatu popote alipo, tukae mahali pamoja mara moja tu, turekodi, basi.

Sebi aliweka kikombe chini. "Pili, ndugu yangu. Tatu alishakufa."

Nikauliza lini. Akasema Yakobo alifia kule Sudan, katika kambi ya wakimbizi, kwa homa, na mkewe alirudi na watoto kijijini Kuluba, karibu na Koboko.

"Na mimi," akaendelea polepole, "hapana imba tena. Hii koo ilipata kazi yake. Mimi nashukuru Mungu alinipa hii kazi. Wewe hapana kasirika."

Nilikasirika. Sikumwonyesha, kwa kuwa nilikuwa mgeni wake na alikuwa sahihi kwa upande wake, lakini nilikasirika na yeye, na homa, na vita, na miaka yangu yote niliyokaa Nakuru nikipinda suruali za watu. Kutoka wanne, tumebaki wawili wanaoimba, na wawili wenyewe ni wabebaji, hakuna wa kubebwa. Usingizi sikuupata. Asubuhi nilikuwa stendi kabla ya magari.

Njia ya Koboko

Nilipata lori la chumvi na sabuni. Tulipofika kwenye kizuizi kimoja cha barabarani, askari wakatushusha. Sehemu zile ziko karibu na Sudan na Zaire, na zama zile mgeni mwenye mfuko mzito hakupita hivi hivi. Hapa lazima niwaeleze kosa langu kwa utaratibu, maana lilikuwa kosa la lugha tu.

Mnajua Kiswahili cha kule hakisumbuki na ngeli. Mtu iko, nyumba iko, mbuzi iko, vyote ni iko tu. Nami, kwa kutaka nionekane mwenyeji, nikatupa sarufi yote ya Nakuru nikazungumza kama nilivyolelewa.

"Wewe nakwenda wapi?" akauliza mkubwa wao.

"Koboko, afande."

"Kufanya nini?"

"Natafuta Besi."

Alikuwa ameegemea mlingoti. Akasimama wima. "Besi gani?"

"Besi ya zamani, afande. Ya jeshi ya zamani."

Wale wengine wakaacha kupekua magunia.

"Iko wapi hii besi?"

"Naambiwa iko karibu na soko."

"Iko na watu ngapi?"

"Iko moja tu, peke yake. Lakini kubwa sana, afande. Ikitoa sauti, hata bati natetemeka."

Ningesema "yule", ningesema "mtu", wangejua. Wakaufungua mfuko wangu, wakatoa mashine, betri, kanda.

"Hii nataka kurekodi nini?"

"Besi," nikasema.

Lori liliondoka bila mimi. Nikakalishwa chini ya kibanda cha matete na mikono juu ya kichwa, na ndipo nilipofahamu neno lenyewe lilivyosikika masikioni mwa askari: besi ya Kiingereza, yaani kambi ya kijeshi. Nikaanza kueleza kwa haraka kwamba Besi ni binadamu, mwimbaji, sauti ya chini. Kadiri nilivyoharakisha ndivyo nilivyoonekana mwongo. Mwisho yule mkubwa akasema, "Haya. Kama iko wimbo, imba."

Nikaimba. Nilikuwa na kitu gani kingine cha kuimba? Sehemu yangu ile ile, na mruko wake mara tatu. Wakatazamana.

"Hii hapana wimbo," akasema. "Hii iko ishara. Mbona narudia hapo katikati mara tatu?"

Nilicheka, Mungu anisamehe, na kicheko hakikunisaidia. Njaa ilipowazidi walichoma muhogo wakanipa na mimi, wakanipulizia majivu yatoke, kwa adabu kabisa, kama watu wasiotaka mfungwa wao aumwe. Kisha wakanipandisha nyuma ya gari lao, bunduki kulia na bunduki kushoto. Wakasema, twende utuonyeshe hiyo besi.

Kwenye mashine ya unga

Mashine ya Besi ilikuwa nyuma ya soko la Koboko, kibanda cha bati kilichojaa vumbi la muhogo. Nilimwona kabla hajaniona. Bado ni mkubwa, mweupe kwa unga kuanzia kofia mpaka ndala, akitikisa gunia. Nikanyoosha kidole: "Yule, afande. Yule ndiye Besi." Safari hii nilisema yule.

Besi akainua kichwa. Aliona gari la jeshi, akaona kidole kinamwelekea. Aliyeipita miaka ile ya kufukuzwa hasubiri kuulizwa. Miguu huamua yenyewe. Alitoka kwa mlango wa nyuma na kuzama kwenye shamba la muhogo. Wanawake waliokuwa wakisubiri unga wakalala chini. Askari wawili wakaruka kutoka garini na nikasikia bunduki zinakokiwa.

Sikuwahi kuogopa namna ile, hata 1979. Nilikuwa nimetoka Nakuru kutafuta sauti ya mtu, na sasa mimi ndiye nitakayemuua. Kumwita jina kusingefaa, angezidi kukimbia. Nikasimama juu ya gari nikafungua mdomo, nikaimba sauti ya pili kwa nguvu zangu zote. Aliyekuwa akiendesha mashine akaizima, nadhani kwa mshangao. Kukawa kimya na mimi peke yangu ndani yake, naguna mchana kweupe mbele ya soko zima.

Nilifika kwenye mruko. Duwa. Duwa. Na mara ya tatu, kutoka ndani ya muhogo, chini kabisa, ikaja: duu-dumu, duu-dumu, duwa.

Niliendelea, naye akaendelea, majani yakitikisika, sauti ikisogea. Akatokea na mikono juu na majani ya muhogo kofiani, na bado anaimba. Askari waliteremsha bunduki. Yule mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, akakuna shingo.

"Kumbe hiyo ishara," akasema, "iko na nusu nyingine."

Wanawake wakaanza kucheka wakiwa bado wamelala. Besi alinikumbatia akanijaza unga. "Pili! Salamu yako iko bunduki? Miaka yote hii, wewe naleta jeshi kwangu?" Alikuwa akicheka na kutetemeka kwa pamoja, na nilimshika mpaka akaacha. Askari waliondoka na unga wa bure, na mkubwa wao alinirudishia redio kaseti kwa mikono miwili.

Kuluba

Besi hakutaka kuzungumzia kurekodi kabla ya rambirambi. "Mutu iliyokufa iko mbele," alisema, "halafu kelele." Asubuhi tulikwenda Kuluba kwa miguu, yeye akisalimia kila shamba, mimi mbele nikimngoja. Alizungumza na watu kuhusu mtama. Alizungumza kuhusu mbuzi aliyepotea, ambaye hakuwa hata wake.

Mama Poni, mjane wa Tatu, alitupokea kwa kulia kidogo kisha kwa kiti. Nilisema maneno ya pole niliyokuwa nayo, hayakutosha. Akaenda jikoni kutupikia, nami nikaanza kuhesabu jua kichwani, nikimnong'oneza Besi kwamba tukila tutachelewa. Besi akanikanyaga mguu.

Alikuwa akisaga ufuta juu ya jiwe, nyuma ya ukuta wa matete. Jiwe likaenda na kurudi, kisha naye akaanza kuimba, kwa sauti ya mtu anayefikiri hasikiwi. Wimbo wa ajabu, wa noti mbili tatu, wala haupandi wala haushuki, umekaa katikati kama mtu aliyesahau alichofuata. Besi aliniacha mguu. Jiwe likasita. Duwa, akaimba Mama Poni, duwa, duwa. Mara tatu, kisha jiwe likaendelea.

Ilikuwa sauti ya tatu, yote, na ubovu wa santuri ndani yake.

Besi akaingia chini bila kuniuliza. Mimi nikaingia juu yake. Jiwe likanyamaza na Mama Poni akatokea na mikono yenye mafuta ya ufuta, macho makali.

"Nyinyi naharibu wimbo ya bwana yangu?"

"Shemeji," akasema Besi, "hapana simama. Wewe endelea tu."

Akasita, akatutazama mmoja mmoja, akaanza tena. Safari hii alisikia. Nilimwona akisikia: noti zake zile zilizosahau zilichofuata zikapata wenziwe chini na juu, zikasimama. Alifika kwenye mruko, tukaruka wote watatu. Hapo akakaa chini akajifunika uso kwa mikono yake yenye ufuta.

Baadaye, tukila ugali wa muhogo na majani ya kunde, alisema Yakobo hakumfundisha kamwe. Aliimba tu, kila siku, akitengeneza uzio, akibembeleza watoto, mpaka siku ya homa. "Mimi naimba hii miaka yote," akasema, "na nasema ndani ya roho, hii wimbo gani, baridi hivi? Kumbe ilikuwa nangoja watu."

Watoto wake wanaijua sauti ya tatu. Wajukuu wa Besi wanaunguruma wakicheza. Nikafikiri juu ya Salma wangu, na nikaacha kuharakisha chakula.

Njiani kurudi Koboko kulikuwa na lori la mafuta lililotelekezwa tangu vita, limezama magurudumu, nyuma ya tangi lake watu walishakata chuma cha kutengenezea majiko. Besi aliligonga kwa ngumi, likaitika. Tukaingia ndani, yeye, mimi na Mama Poni aliyetusindikiza. Nikabonyeza kitufe. Sauti ilirudi imenona, kama zamani, na harufu ya kutu badala ya maji.

Tulipoisikiliza kanda, Mama Poni ndiye aliyesema. "Nzuri. Lakini kichwa iko wapi?"

Oli, mara ya pili

Sebi alinisikiliza hadithi yote ya kizuizi bila kucheka hata mara moja, mpaka nilipofika kwenye "kubwa sana, afande", hapo alilazimika kutoka nje. Aliporudi nikamwomba jambo moja tu: asikilize.

Alifunga macho. Kanda ikaenda. Katikati akanyanyua kidole.

"Tatu alikufa. Hii iko nani?"

"Mkewe."

Kanda ikafika kwenye mruko, ikapita, ikaisha. Akasema nirudishe mwanzo. Nikarudisha. Akasema tena. Mara ile midomo yake ilikuwa inacheza, bila sauti.

"Mimi siimbi," akasema mwishowe. "Lakini iko kitu mbaya zaidi, mtu kufa na kitu ya wengine. Wewe kaa hapa. Mimi nakufundisha sauti ya kwanza, unachukua, nenda nayo."

"Koo langu linarudi kwenye ya pili," nikamwambia. "Siku zote."

"Kwa sababu ya pili ilikuwa haina mutu mwingine. Sasa wewe iko ndani ya kaseti tayari. Hiyo ya pili inaimba yenyewe. Wewe iko huru."

Sikuwa nimewaza hivyo. Akanisahihisha mchana kutwa, kwa mkono tu, juu, chini, subiri, nami nikakosea mpaka mkewe akatuletea maji bila kuombwa. Pale palipo juu kabisa nilishindwa kila mara. Basi akageukia ukuta, akaniambia nibonyeze kanda. "Hii hapana kuimba," akasema. "Hii iko kuonyesha."

Akaonyesha. Polepole, karibu kunong'ona, mara moja tu, juu ya sauti zetu tatu. Wenzangu, miaka yote niliyoimba wimbo ule sikuwahi kuusikia. Mwimbaji wa sauti ya pili anajisikia mwenyewe na kumwinda aliye mbele; hana nafasi ya kusikia. Siku ile, nimekaa kwenye mkeka wa Sebi, niliusikia mzima. Mashine ilikuwa inacheza, kwa hiyo haikuweza kurekodi. Sijali. Miguu yangu haikuwasha hata kidogo, na nililia mbele ya mwanamume mwenzangu bila aibu.

Alipogeuka alisema, "Umeona?" Nikamwambia nimeona.

Nyumbani

Njia ya kurudi ilikuwa mbaya kuliko ya kwenda na sitawachosha nayo. Niliimba sauti ya kwanza kutoka Pakwach mpaka Jinja, abiria wakihama viti.

Jioni niliyofika, kabla ya kuoga, niliwaita mke wangu na watoto wote, nikaweka redio kaseti juu ya meza ya kukatia vitambaa. Nikabonyeza. Besi akaanza, Mama Poni akaingia, kisha Pili, yaani mimi, nikiguna kule ndani ya tangi la kutu. Salma akasema, "Ah, si ule wa Baba!" Ndipo nikavuta pumzi nikaweka kichwa juu yake.

Sauti yangu si ya Sebi. Ilikwaruza, na pale juu ilipasuka kama suruali ya kubana. Lakini hakuna aliyecheka. Mke wangu alikuwa amesimama na sufuria mkononi, na Salma alikuwa ameanza kuguna taratibu, bila kujua kwamba anaguna, sauti ya pili, noti kwa noti, kama aliyezaliwa nayo.

Tukafika kwenye mruko. Duwa. Duwa. Salma akaruka kutoka kwenye kiti, mkono tayari, aigonge mashine.

"Baba, kanda imekwama!"

Nikamshika mkono. "Haijakwama," nikamwambia. "Imba."